Mtoto Aliyekosa Yote Arobaini

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu. Mama yangu, aliyenilea pale Majengo, Mpanda, kwa kuuza vitenge na sabuni, alizoea kuniambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku moja nikamjibu kwamba kidole ndicho kinachouma zaidi. Nikala bakora. Maneno yake niliyaelewa baadaye sana, nikiwa mtu mzima, mwalimu wa hisabati wa darasa la saba katika shule ya serikali iliyo kwenye njia ya kwenda Mishamo. Na niliyaelewa kwa gharama ya mtoto wa mtu.

Ilikuwa kwenye kikao cha wazazi. Tulikuwa tumeshajadili mahindi na maharage ya chakula cha mchana, tumejadili choo cha wasichana ambacho kila mtu alikubali kijengwe na hakuna aliyekubali kubeba tofali. Mimi nilikuwa nimenuna tangu asubuhi, maana baba mmoja alikuwa amesema pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba shule za bure hutoa watoto wa bure. Bure! Mimi niliyesimama siku nzima mbele ya watoto wengi kuliko madawati, chaki imeniingia mpaka kooni, naambiwa bure. Zamu yangu ya kusema ilipofika, sikusema niliyoyaandika. Nikamwita binti mmoja aliyekuwa anagawa maji ya kunywa, nikamwambia asimame pale mbele.

"Mnamwona huyu?" nikasema. "Huyu atafaulu hata akifanya mtihani amefumba macho. Mwakani mwezi wa kwanza mtanitafuta, atakuwa sekondari. Halafu mje mniambie tena habari za bure."

Wazazi wakapiga makofi. Binti akainama, akaanza kutafuna kola ya shati lake kama kawaida yake akiona haya. Mimi nikaketi nimejaa, nikajipepea na daftari. Nyuma kabisa alikaa baba yake, mfugaji, miguuni katambuga za tairi, fimbo yake kati ya magoti. Hakupiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu mawili, nikajiambia, maskini, mzee wa watu anaona aibu kusifiwa. Loo, mjinga mimi!

Yule binti sikuwa nimemtia chumvi. Alikaa kiti cha karibu na dirisha, anatazama nje utadhani hasikii, halafu ukimuuliza swali anajibu bila kugeuza uso. Kalamu ya risasi aliiweka nyuma ya sikio kama fundi seremala. Hesabu alizifanya kichwani, na mimi nikawa namgombeza aonyeshe njia, maana hesabu bila njia ni uchawi. Akaonyesha njia, siku ya pili akanionyesha njia nyingine fupi kuliko ya kwenye kitabu. Nilikwenda nayo ofisini nikaiangalia mpaka chai ikapoa. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa sijawahi kuiona.

Wazazi wake, Wasukuma, walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini akiwa bado anabebwa mgongoni. Sisi tuliozaliwa Mpanda tuna maneno yetu juu ya wafugaji, na sitayarudia hapa, ila nakiri kwamba na mimi nilikuwa nayo mdomoni. Tulikuwa tunasema wao na ng'ombe wao, ng'ombe na wao, basi. Nilimpenda yule mtoto na kuwadharau wa kwao, na sikuona kama hayo mawili yanagombana.

Kiangazi kikaingia, vumbi likaanza, tukawapa darasa la saba mtihani wa majaribio. Tuliutunga wenyewe na kuusahihisha wenyewe. Maswali arobaini, kila swali lina majibu matano yenye herufi, mtoto anaweka kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu analoliona sahihi. Nilikuwa darasani nafundisha la sita wakati mwalimu mkuu, mwanaume mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto alale, aliponiita ofisini.

"Madamu," akasema, "mtu wako huyu hapa."

Akanipa karatasi zake. Sifuri. Kiswahili sifuri, sayansi sifuri, na hisabati, hisabati yangu mimi, sifuri. Walimu wenzangu walikuwa wameshajua. Mmoja akaniuliza kama yule mtoto alikuwa amefumba macho kweli kama nilivyotabiri. Wakacheka. Ningekuwa na kiatu mkononi ningekirusha.

Nikatoka na ile karatasi ya hisabati mpaka nyuma ya stoo, nikaketi juu ya kinu kibovu. Nilitaka kulia. Nikaanza kuisahihisha upya kwa kalamu nyekundu, nikimwomba Mungu kwamba mwalimu aliyeisahihisha alitumia majibu ya mtihani mwingine. Hapana. La kwanza kakosa, la pili kakosa, la kumi kakosa, la thelathini kakosa. Nikafika mwisho. Ndipo nikasikia kitu kinanigonga kichwani.

Ngoja kwanza. Nimesahihisha mitihani ya kuchagua tangu nikiwa msichana. Nimesahihisha karatasi za watoto waliolala usingizi, za watoto waliokuwa na malaria, za mmoja aliyechora maua kwa kutumia vivuli vya majibu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupata sifuri. Mtoto asiyejua kitu hubahatisha, na bahati haimnyimi mtu moja kwa moja: itampa sita, itampa tisa, siku nyingine itampa kumi na moja ajione amesoma. Kukosa yote arobaini, haki ya Mungu, huwezi kama hujui jibu liko wapi ili ulikwepe.

Nikaishika tena kalamu. Nikaangalia alichoweka na jibu lilipo. Jibu ni B, yeye kaweka C. Jibu ni D, yeye E. Jibu ni E, karudi A. Kila mahali amesogea hatua moja mbele. Nikasahihisha upya kwa kurudisha kila jibu nyuma hatua moja, nikahesabu: thelathini na nane.

Yalibaki mawili tu ambayo hayakufuata mpango huo. Na kwenye hayo mawili karatasi ilikuwa imefutwafutwa kwa raba mpaka imetoboka. Nilikaa nikiyatazama yale matundu kwa muda mrefu kuliko karatasi yote. Hayo mawili ndiyo aliyokuwa hayajui kweli, na ndiyo yaliyomtoa jasho. Aliogopa asije akayapata kwa bahati mbaya.

Nikamwita. Alikuja na ufagio mkononi, akapiga goti, shikamoo madamu. Sikuitikia hata. Nikamwekea karatasi mbele.

"Nani amekutuma?"

"Nimesahau vitu, madamu."

"Usinidanganye mimi. Mtu hasahau vitu arobaini kwa mpangilio."

Akatafuna kola. Nikamnyang'anya kola, nikaishika mimi. Ndipo akasema, akiangalia dirisha ambalo pale stoo halikuwepo: "Baba alisema nisipate hata moja."

Nikauliza lini. Akasema jioni ile ile ya kikao. Baba yake alirudi nyumbani, akamwita mama yake, akasema nimesikia mwalimu anasema huyu mtoto atafaulu, na akifaulu atachukuliwa, na kuna watu wameshakuja kumposa, watu wa heshima, nitawajibu nini? Kisha akamwita binti, akamwambia: mtihani ukija, usipate hata moja.

Kwa hiyo ni mimi. Mdomo wangu huu huu. Ningenyamaza, mtoto angefaulu kimyakimya, baba angekuta jambo limeshakwisha. Mimi nikasimama mbele ya kijiji kizima nikapiga mbiu.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka sekondari, madamu," akasema. Kisha haraka, kama anayeogopa nitaondoka kabla hajamaliza: "Na nataka radhi ya baba."

Nikamwambia faulu tu wewe, hayo mengine niachie mimi. Akatikisa kichwa. Akaniuliza, bila ujeuri wowote, akiuliza kweli: "Nikifaulu halafu akasema mimi si mwanae, madamu, likizo nitakuwa narudi wapi?" Nikamwachia kola yake, nikamwambia arudi akafagie.

Mwalimu mkuu aliposikia akasema twende kwa mtendaji wa kijiji, sheria ipo. Ipo, najua, na naiheshimu. Lakini mwaka uliotangulia tulikuwa na binti mwingine, na tulikimbilia kwa mtendaji hivyo hivyo. Mtendaji akaja na mgambo wawili na daftari. Walipofika kwenye ile kaya walikuta majivu bado ya moto, na nyayo za ng'ombe zinaelekea porini. Familia ilikuwa imehama. Sheria ilifika, mtoto hakuwepo. Kiti chake kilikaa tupu mpaka mwisho wa mwaka na sikuruhusu mtu akikalie.

"Niache niende mimi kwanza," nikasema.

"Utakwenda kumtukana mzee wa watu."

"Sitamtukana."

"Madamu," akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza.

"Nitajitahidi, basi!"

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka kwenye mto, tangu hapo nikatembea, maana dereva alisema pikipiki yake si mbuzi. Nilifika saa kumi jioni, sketi imejaa miiba. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma njia nzima ili nionekane mtu wa maana. Nikaingia pale uani nikasema kwa sauti kuu, "Mwangaluka!" Wanawake wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Kumbe hiyo ni salamu ya asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka na mimi nawaamsha watu. Baba yake alicheka pia, akanipa kigoda.

Pale huleti shauri kabla hujala. Wakaleta ugali na maziwa mgando kwenye kibuyu. Mimi maziwa mgando siyapendi, sijawahi kuyapenda, harufu yake tu inanitosha. Niliyamaliza. Nikaongezewa. Nikamaliza tena, namuomba Mungu ayahesabu hayo kama sadaka.

Halafu nikatoa ile karatasi. "Baba, nimeleta matokeo ya majaribio."

"Amepata ngapi?"

"Sifuri."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ametulia, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha mahali alipotegemea inyeshe. "Basi ndiyo uwezo wake, mwalimu. Kila mtoto na alichojaliwa. Tumshukuru Mungu."

Nilihisi maneno yanapanda. Nilikuwa nayo tayari, makali, ya kumtosha yeye na ukoo wake. Niliyang'ata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyang'ata, na nikanyamaza, na kwa sababu nilinyamaza nikasikia kengele. Ng'ombe walikuwa wanarudi.

Walikuja na vumbi lao, wengi, wanasukumana kuelekea zizini. Binti alikuwa nyuma yao na kifimbo. Nikauliza kama wote ni wake.

"Ng'ombe hahesabiwi na mgeni," akasema, uso umefunga kidogo.

"Idadi siitaki. Nauliza kama wamechanganyika."

Akasema ndiyo, kiangazi majani ni ya shida, kwa hiyo kaya tano wanachunga pamoja na jioni wanawatenga. Nikauliza anawatengaje kama hawana majina migongoni. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ninavyowatazama watoto wasiojua mbili mara mbili.

Ndipo wazo likanijia, na nikasimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. "Baba, tucheze mchezo. Mimi nitagusa ng'ombe, mmoja mmoja. Nataka niguse arobaini, na katika hao nisiguse wa kwako hata mmoja. Nitaweza?"

Akacheka. "Wewe? Thubutu! Hufiki mbali."

Nikaingia katikati ya ng'ombe na viatu vyangu vya kazini. Nikagusa wa kwanza. "Si wangu," akasema. Wa pili. "Si wangu." Nikaanza kujiona. Wa tatu, mweusi mwenye pembe moja imepinda, na kabla mkono wangu haujatua mzee alishapiga makofi: "Umekamatwa!" Nikaanza upya. Safari hiyo nilifika wa nne. Nikaanza tena, nikakamatwa wa kwanza. Uani watu wakawa wanashangilia kama mpira wa miguu. Nilikanyaga mavi, nikasukumwa na ndama, nikaendelea, mpaka mzee akawa anafuta machozi ya kucheka.

"Sasa niambie," nikasema, nahema. "Nani anaweza kugusa arobaini asimguse wa kwako?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

Akafikiri. Akanyoosha fimbo kwa binti yake, aliyekuwa anafunga mlango wa zizi. "Na huyo."

"Kwa nini nyie mnaweza na mimi siwezi?"

"Kwa sababu sisi tunawajua! Asiyewajua hawezi kuwakwepa. Atagusa tu, hata asipotaka."

Nikarudi kwenye kigoda. Nikaiweka ile karatasi chini mbele yake, nikaikandamiza na kibuyu isipeperuke.

"Baba, humu kuna maswali arobaini. Kila swali lina majibu matano, manne ya jirani na moja la kweli. Mwanao amepita katikati yao mara arobaini, na hajaligusa la kweli hata mara moja."

Alichuchumaa. Kusoma hajui, lakini kuhesabu hakuna wa kumfundisha. Akapitisha kidole juu ya zile eksi zangu nyekundu, moja baada ya nyingine, midomo inatembea, mpaka mwisho. Arobaini. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote.

"Na hapa," akasema, kidole kimesimama, "mbona pametoboka?"

"Hapo palikuwa pagumu. Hapo alikuwa hajui. Aliogopa asije akaligusa kwa bahati, akavunja neno lako."

Kisha akamwita binti. Alikuja, akapiga goti mbele yake, mikono bado ina vumbi la zizi.

"Ni kweli haya?"

"Ulisema hata moja, baba," akajibu.

Basi. Hilo tu. Mzee akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake, akasimama. Mimi nikangoja aseme. Akasema, "Mwalimu, jua linazama, na njia ni mbaya." Akaniitia mtu wa kunivusha mto. Nilirudi nyumbani nanuka ng'ombe, sina karatasi, sina jibu, na nina hasira za kutosha kuwasha jiko.

Wiki zikapita. Tukaweka kambi ya darasa la saba pale shuleni, watoto walale hapo hapo wasome kwa utulivu. Mzee akakataa binti yake alale kambini. Nikajua imekwisha. Binti alikuja mchana kama kawaida, akajibu maswali yangu huku akitazama dirisha, na mimi sikumuuliza lolote la nyumbani kwa sababu niliogopa jibu. Yale mawili aliyokuwa hayajui nilimfundisha tena. Mwalimu mkuu akaniuliza ya nini, kama atayakosa makusudi. Nikamwambia, akikosa, akose anajua.

Mwezi wa tisa ukafika. Siku ya mtihani sisi walimu wa shule huwa hatusogei karibu, wasimamizi hutoka kwingine. Nilisimama njiani, mbali na geti, nimefunga kanga kiunoni, natazama watoto wanapita. Saa moja na nusu hajafika. Saa mbili kasoro robo hajafika. Nikaanza kuwaza majivu na nyayo.

Halafu nikaiona baiskeli. Mzee mwenyewe anaendesha, anapiga pedali kwa katambuga, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nyuma kakaa binti, sare imepigwa pasi mpaka inakata, kalamu nyuma ya sikio. Akasimamisha baiskeli mbele yangu. Hakunisalimia. Nadhani alitaka niwe shahidi.

Binti akashuka. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Mwanangu," akasema, "lile neno nililokupa, nimelichukua. Nimelirudisha kwangu. Leo nakutuma jingine." Akamnyoosha kola ya shati. "Wale wote ni wa kwetu. Usiache hata mmoja."

Yule mtoto alikimbia. Hakuaga, hakugeuka, alikimbia na yeboyebo zake za plastiki mpaka getini, na mimi nikageukia mti wowote uliokuwa karibu nikalia kwa sauti, mtu mzima, hadharani. Mzee akajifanya anakagua mnyororo wa baiskeli. Baadaye akaniambia kwamba wale watu wa heshima alikuwa ameshawajibu kwamba binti anasoma, na kwamba kambini alimkataza kwa sababu alitaka alale kwake zile siku chache zilizobaki, maana akishaondoka ataondoka kweli.

Matokeo yalipotoka mwalimu mkuu aliyasoma kwenye simu juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao. Sikungoja ashuke. Alipiga kelele, yule mpole wetu, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti hata kwenye moto, na nikajua. Mwezi wa kwanza binti alikuwa sekondari, bwenini, na sasa amefika mbele zaidi ya hisabati ninazozijua mimi. Akija likizo ananionyesha njia fupi. Anarudi kwa baba yake.

Watu wakizungumza juu ya shule za umma, redioni na kwenye magari, husema wazazi hawana mwamko. Na mimi nilisema hivyo miaka mingi, tena kwa madaha. Siku hizi nikisikia neno hilo nakereka. Yule mzee alikuwa na mwamko kuliko mimi: alisikia sentensi yangu moja tu kikaoni, akaelewa papo hapo kwamba shule inaweza kumchukua mwanawe, akachukua hatua jioni ile ile. Tatizo halikuwa kwamba haelewi. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemweleza jambo hilo katika hesabu anayoijua yeye, na ilibidi niingie zizini nikanyage mavi ndiyo niipate. Serikali imejenga madarasa, na nashukuru. Lakini zile hatua za kutoka mtoni mpaka uani kwa mtu hazijengwi kwa tofali.

Mwaka uliofuata kikao cha wazazi kikaja tena. Mimi nilikuwa nimeshajiapiza: kusifu mtoto hadharani, kamwe. Nilikuwa na binti mwingine darasani, mzuri mno wa hisabati, kutoka kaya ya ng'ambo ile ile ya mto. Zamu yangu ilipofika nikasoma karatasi yangu kwa adabu, nikasema watoto wanaendelea vizuri kwa ujumla, asanteni, nikataka kuketi.

"Mwalimu!"

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, fimbo mkononi. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele, akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, imechakaa kwenye mikunjo. Akaifungua mbele ya wazazi wote. Nikaziona eksi zangu nyekundu.

"Hii ni sifuri ya mwanangu," akasema. "Vyeti vyake vipo, yeye mwenyewe anavitunza. Mimi natunza hii. Nilimwambia akose, akakosa yote, na mwalimu huyu akaisoma sifuri kama mimi ninavyosoma nyayo. Sasa nyie mnaowaambia watoto wenu wakose, na mko humu ndani, nawajua, nilikuwa mwenzenu: mtaonekana. Na mkishaonekana, mtakuja kugundua mlikuwa na mtoto wa namna gani, na aibu yake ni nzito. Mimi nimeibeba."

Baba wa yule binti wa pili alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mzee akaikunja karatasi yake, akairudisha kwenye koti, akanigeukia.

"Mwaka jana ulimsifu mmoja," akasema. "Mwaka huu umeogopa. Nani amekufunga mdomo? Sema, mwalimu. Sema kwa sauti, tusikie wote."

Nikasimama tena. Nikamwita yule binti kwa jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, na nikamsifu mpaka sauti ikanikauka.